Séraphine, Freni na Garanti

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Séraphine hufungua kapo ya gari lake, ule mfuniko wa mbele unaofunika injini. Majirani wa mtaa wa Murara wamezoea kumwona. Anajifunga kitenge cha zamani, anainama, anachomoa kijiti cha kupimia mafuta, anakifuta kwa kitambaa, anakirudisha na kukichomoa tena. Anaangalia maji. Anaangalia mafuta ya freni. Anazunguka gari na kupiga kila gurudumu kwa kisigino. Akimaliza ndipo anamwita binti yake, Nishimwe, amletee chai.

Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, dereva wa lori la viazi kule Rutshuru. Alipokuwa msichana, yeye ndiye aliyemshikia baba funguo na taa. Alijua kubadilisha filta kabla ya kujua kupika fufu.

Gari lake ni pick-up nyeupe. Waliinunua mpya kwenye ajansi moja ya magari hapa Goma. Baba mkwe wake, Muzee Munyakazi, aliuza ng'ombe wake karibu wote ili familia ipate gari la kubebea maziwa. Ng'ombe hao aliwalea tangu wakiwa ndama, kila mmoja na jina lake. Siku mnunuzi alipokuja kuwapakia, mzee alijifungia ndani na hakutoka mpaka lori lilipoondoka.

Tangu siku hiyo, Séraphine hupanda vilima vya Masisi kuchukua maziwa kwa wafugaji, kisha hushuka kwa njia ya Mushaki na Sake mpaka mjini. Mume wake, Émile, anayauza kwenye kibanda chao Mabanga. Maziwa hayajui kungoja. Yakichelewa jua likiwa kali, yanaganda ndani ya bido, yale madumu ya plastiki, na wateja wanaenda kwa mwingine.

Gari lilikuja na garanti. Garanti ni ahadi ya muuzaji: kitu kikiharibika kwa kosa la kiwanda, yeye atakitengeneza bila kukulipisha, mpaka muda uliopangwa uishe. Ahadi hiyo iliandikwa kwa Kifaransa ndani ya kitabu kidogo. Émile alikifunga kitabu kwa plastiki akakiweka kabatini, chini ya nguo za ibada. Hakuna aliyekisoma.

Séraphine aliendelea kulihudumia gari mwenyewe. Alifanya vidanji, yaani kutoa mafuta machafu ya injini na kutia mapya. Alibadilisha filta ya hewa, maana vumbi la mawe ya volkano huziba filta upesi. Na plakete za freni za mbele zilipokonda, alinunua nyingine za aina ileile akazifunga mwenyewe. Plakete ni vile vibao vinavyobana sahani ya gurudumu ili gari lisimame. Kazi ilitoka vizuri na gari lilisimama vizuri.

Kisha, miezi kadhaa baadaye, pedali ilianza kuzama.

Jioni ile Émile alirudi kutoka Mabanga akamkuta mke wake ameketi ndani ya gari lililosimama, mguu kwenye freni, uso umekunjamana.

"Mama Nishimwe, kuko nini?"

"Panda hapa. Kanyaga freni."

Émile alipanda akakanyaga. "Iko nguvu. Iko muzuri."

"Usiachilie. Ngoja kidogo."

Alingoja. Pole pole, bila yeye kuongeza nguvu, pedali ilianza kushuka chini ya kiatu chake, kama mtu anayekanyaga tope. Aliondoa mguu haraka.

"Na mafuta ya freni inapunguka," Séraphine alisema. "Nimeangalia magurudumu yote. Nimeangalia chini. Hakuna hata tone. Inaenda wapi, sijui. Kesho naipeleka kwenye ajansi."

Émile alishuka, akafunga mlango taratibu.

"Hapana," alisema. "Usiipeleke."

"Juu ya nini?"

"Damascène, yule dereva mwenye kukunywa maziwa kwetu, alinieleza pale kibandani. Kuko mutu alipeleka motokari yake kwenye ajansi, na garanti ilikuwa bado. Wakamuuliza, vidanji nani alifanya? Akasema, ni mimi. Basi, garanti ikakufa palepale. Ya motokari yote." Aliangalia gurudumu la mbele. "Wewe uligusa hizi freni. Wakifungua wataona."

"Nilifanya kazi muzuri."

"Mimi najua. Lakini wao watamwamini nani? Ng'ombe za muzee ziliisha kwa hii motokari. Garanti ikikufa leo, na kesho moteur, injini yenyewe, inaharibika, tutamwambia nini?"

Séraphine alijua freni si kitu cha kuchezea. Baba yake hakukubali hata mara moja kutembeza lori lenye freni mbaya. Lakini Émile alipotaja ng'ombe, alimkumbuka mzee alivyojifungia ndani siku ile. Hatimaye walikubaliana kwamba ataongeza mafuta ya freni kila asubuhi, atembee pole pole, na waone kwanza.

Kesho yake Émile alileta mafuta ya freni kutoka soko la Birere, yametiwa ndani ya chupa ya maji. Séraphine aliyanusa, akaigeuza chupa mkononi. Haikuwa na alama yoyote.

"Hii siiweki," alisema. "Ikiwa ni mafuta ya aina nyingine, itavimbisha mipira yote ya ndani."

Alienda mwenyewe dukani akanunua kopo lililofungwa, la aina ileile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chombo cha mafuta ya freni. Hilo, angalau, alilifanya sawasawa.

Lakini kila asubuhi mafuta yalikuwa yamepungua tena. Séraphine alianza kuondoka nyumbani mapema ili asikimbie. Alianza kukanyaga freni mbali kabla ya kona. Nishimwe alimuuliza kwa nini siku hizi haongei akiwa mezani. Alisema ni uchovu.

Siku moja alipofika kule juu kwa wafugaji, alimkuta Muzee Munyakazi, aliyeishi huko, anamngoja, kofia kichwani, fimbo mkononi.

"Macho inanisumbua," mzee alisema. "Nataka kuona munganga wa macho kule mujini. Unipeleke."

Séraphine aliangalia bido zilizojaa nyuma ya gari. Alitaka kumwambia, Papa, tafuta gari lingine. Lakini angempa sababu gani? Alimfungulia mlango, akamfunga mkanda.

Mpaka Mushaki safari ilikuwa njema. Mzee alikuwa anaeleza habari za ndama aliyezaliwa kwa jirani. Kisha barabara ikaanza kushuka kuelekea Sake. Ziwa lilionekana chini, mbali. Séraphine aliweka vitesi, yaani gia, ya pili. Alikanyaga freni, pedali ikashika. Kwenye kona iliyofuata alikanyaga tena, ikashika, lakini chini zaidi. Akapampu mara kadhaa. Ikapanda kidogo.

"Unafanya nini na huo muguu?" mzee aliuliza.

"Nazuia motokari, Papa."

Baada ya kona nyingine, alikanyaga na pedali ikaenda mpaka chini. Ikagusa sakafu. Gari halikupunguza mwendo.

Alipampu. Hakuna kitu. Alipampu tena. Pedali ilikuwa laini kama sifongo iliyolowa.

Mbele yao, chini ya mteremko, barabara ilipita katikati ya watu. Wanawake walikuwa wamepanga makabichi na karoti pembeni. Chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, iliyobeba magunia ya makaa ilikuwa inavuka, na wanaume wawili walikuwa wanaisukuma bila kuangalia juu.

Séraphine hakupiga kelele. Alibonyeza honi bila kuiachilia. Alisukuma kijiti cha vitesi mpaka ya kwanza. Injini ilinguruma kwa hasira, gari likatetemeka, bido zikagongana nyuma. Mwendo ulipungua, lakini si vya kutosha. Alishika freni ya mukono akaivuta kidogo kidogo, maana baba yake alimwambia kwamba ukiivuta ghafla gari linageuka. Matairi ya nyuma yalilia.

"Papa, shika muzuri."

Upande wa kulia palikuwa na kilima cha udongo uliokatwa wakati wa kupanua barabara. Upande wa kushoto palikuwa na bonde. Aliegemeza gari kulia. Kwanza kioo cha pembeni kilikwangua udongo, kisha mlango, kisha pua ya gari ikaingia kwenye rundo la mchanga na mawe, na kila kitu kikasimama.

Mvuke mdogo ulitoka mbele. Bido mbili zilikuwa zimeanguka, na maziwa yalikuwa yanatiririka barabarani kuelekea kwa wale wanawake wa makabichi, ambao sasa walikuwa wamesimama wote, mikono mdomoni.

Séraphine alimgeukia mzee. Kofia yake ilikuwa imeanguka. Alikuwa mzima. Mzee aliokota kofia, akaipangusa, akaivaa.

"Ulijua?" aliuliza.

"Nilijua, Papa."

"Na Émile?"

"Anajua pia."

"Sasa sababu gani mulinyamaza?"

Alimweleza. Alimweleza habari za plakete, za Damascène, za garanti inayoweza kufa. Alisema waliogopa ng'ombe wake wangepotea bure.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alifungua mlango wa upande wake, akaangalia maziwa yaliyomwagika.

"Ng'ombe niliuza ili muishi," alisema. "Sikuuza ili mukufe."

Séraphine alilia pale barabarani kuliko ambavyo angelia kama mzee angemtukana.

Lori moja liliwavuta pole pole mpaka Murara. Walipofika, Émile alikuwa tayari mlangoni pamoja na fundi wa barabarani aliyemwita kwa simu. Fundi alikuwa na mfuko wa funguo. Alifungua kapo, akaangalia, akatikisa kichwa.

"Ni pompi ya freni," alisema. "Naitoa sasa hivi, naweka ingine ya okazyo, ile ilishatumika. Hakuna mutu atajua."

Émile aliitikia. Uso wake ulikuwa umekwisha rangi tangu alipomwona baba yake ameketi kwenye kiti cha plastiki bila kumsalimu. Fundi aliweka funguo kwenye boliti ya kwanza.

"Usifungue hiyo."

Aliyesema ni Wivine Katungu, jirani wao wa parseli, yaani kiwanja, ya pili. Alifundisha mekanike kwenye shule moja ya ufundi, na kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi ya kupokea magari kwenye garaji la ajansi moja kule Butembo. Alikuwa ameingia na begi lake la shule bado begani, maana alikuta watu wamejaa mlangoni.

"Mama Wivine, tuache tutengeneze," Émile alisema. "Ajansi haitatusaidia. Muke wangu aligusa freni."

"Aligusa nini?"

"Plakete za mbele," Séraphine alijibu.

"Pompi uligusa?"

"Hapana. Sijawahi kufungua pompi."

Wivine aliomba taa ya simu. Aliinama juu ya injini. Akamwita Séraphine karibu, akamwonyesha kwa kidole bila kugusa. Nyuma ya pompi, pale inapoungana na chungu kikubwa cheusi kinachosaidia mguu wa dereva, palikuwa na unyevu. Rangi ya bati pale chini ilikuwa imevimba na kubanduka.

"Mafuta ya freni inakula rangi," Wivine alisema. "Inapita huku nyuma, inaingia ndani ya hiki chungu. Ndiyo sababu hukuona tone chini. Mupira wa ndani ya pompi ndiyo umeharibika. Haina uhusiano na plakete zako."

Alimgeukia fundi kwa adabu. "Kaka, najua unaweza hii kazi. Lakini ukiitoa leo, hawa watu hawatakuwa na kitu cha kuonyesha. Ajansi itasema, pompi yetu iko wapi? Mulifanya nini na yetu?"

Fundi alifikiri, akarudisha funguo mfukoni. Hakukasirika. Aliomba tu nauli yake, Émile akampa.

"Sasa leteni kitabu cha garanti," Wivine alisema.

Nishimwe alikitoa kabatini. Wivine aliketi karibu na mzee akaanza kusoma, Kifaransa kwanza, kisha Kiswahili, pole pole, ili wote wasikie.

"Garanti ni mapatano," alisema. "Si huruma ya ajansi, na si maneno ya watu wa kibandani. Ni yale yaliyoandikwa humu. Sikieni. Hapa banasema mwenye motokari anaweza kufanyia motokari kazi ya kawaida fasi ingine, au yeye mwenyewe, kama anafuata muda uliopangwa, na kama anatumia mafuta na vipande vya aina iliyoandikwa."

Émile alisogea. "Yeye mwenyewe? Imeandikwa hivyo?"

"Soma wewe." Alimwekea kidole kwenye mstari. Émile alisoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Lakini msidhani vitabu vyote viko hivi," Wivine aliendelea. "Kuko ajansi zenye kuandika kwamba vidanji lazima ifanywe kwao. Ndiyo maana kila mutu asome chake, na asome mbele ya kushika funguo, si kisha. Na hapa chini banasema: ukifanya kazi mubaya na kazi hiyo ikaharibu kitu, hicho kitu hawakitengenezi. Hiyo ni haki. Kama ungeweka mafuta mubaya ya freni, ungelipa mwenyewe."

"Na yule mutu wa Damascène?" Émile aliuliza. "Yeye garanti yake ilikufaje?"

"Sijui. Pengine kitabu chake kilikataza. Pengine aliweka mafuta mubaya na moteur ikakufa kwa hiyo. Pengine alikosa tu kuuliza. Wewe ulimuuliza?"

Émile aliinamisha kichwa.

Wivine alifungua ukurasa mwingine, na safari hii alisita kabla ya kusoma. "Hapa haitawafurahisha. Banasema, ukiona freni ina tatizo, usimamishe motokari na uwaambie haraka. Ukiendelea kutembea, hasara inayokuja kisha ni yako."

Séraphine alielewa mara moja. Pua iliyobonyea, mlango uliokwanguka, maziwa. Yote hayo yalikuwa juu yao.

"Tusiseme kama tulijua," Émile alisema kwa sauti ya chini. "Tuseme freni ilikufa leo, ghafla."

Muzee Munyakazi aligonga fimbo chini. "Hapana. Uongo ya kwanza karibu iniue."

"Muzee anasema kweli," Wivine alisema. "Na tena, wakipata uongo mumoja, hawataamini hata ile ya kweli. Semeni yote. Lakini mukubwa wa ajansi akikataa, musigombane naye. Mumuombe aandike sababu ya kukataa, na aweke saini. Mutu anaweza kusema neno lolote kwa mudomo. Kuandika ni kitu ingine."

Kesho yake walipiga simu ajansi, na gari la kuvuta likaja. Wivine alikuwa amewaonya wasiliendeshe hata mpaka barabarani.

Mkubwa wa garaji aliitwa Niyitegeka. Alikuwa mtu mwenye haraka, kalamu sikioni. Alizunguka gari, akaona pua iliyobonyea, kisha akainama kwenye gurudumu.

"Hizi plakete si sisi tuliweka."

"Ni mimi niliweka, shefu," Séraphine alisema.

"Wewe?"

"Mimi mwenyewe."

Niyitegeka alitoa kalamu sikioni. "Mama, pole. Uligusa freni, freni imekufa. Garanti hapa haipo tena. Tutakutengenezea, lakini utalipa."

Émile alivuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza ugomvi. Séraphine alimshika mkono kumzuia.

"Shefu, nimekusikia. Lakini unionyeshe fasi gani kazi yangu iliharibu freni. Mafuta inapita nyuma ya pompi. Pompi sijaigusa. Boliti zake bado ziko na rangi ya kiwanda."

"Wewe ni mekanisyen?"

"Hapana. Nabeba maziwa." Alifungua kitabu kwenye ukurasa ambao Wivine alikuwa ameweka uzi. "Hapa imeandikwa naweza kufanya kazi ya kawaida mwenyewe. Kama unakataa, sikatai. Nakuomba tu uniandikie sababu: kitu gani nilifanya, na namna gani kiliharibu pompi. Uweke saini na muhuri."

Niyitegeka alisoma. Aliangalia kitabu, akamwangalia Séraphine, akaangalia tena kitabu. Kwenye garaji kulikuwa na wateja wengine, na wawili walikuwa wamegeuka kusikiliza. Séraphine hakuondoa macho.

"Siandiki kitu ambacho sijaona," mkubwa alisema mwishowe. "Tuifungue. Mubaki hapa muone."

Wafanyakazi walitoa magurudumu. Plakete zilitolewa na kuwekwa mezani. Niyitegeka alizigeuza, akasoma namba zake, akapitisha kidole pale zilipopakwa grisi. Kisha wakafungua pompi. Walipoivuta, mafuta yalimwagika kutoka ndani ya kile chungu cheusi, mengi, kama maji kutoka kwenye sufuria.

"Mafuta gani uliongeza?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa kali. "Kama uliweka ya moteur, mipira yote itakuwa imevimba."

Séraphine alitoa kopo kwenye mfuko, pamoja na risiti ya duka. Niyitegeka alilisoma. Kisha alichomoa mipira midogo ya ndani ya pompi, mmoja baada ya mwingine, akaipanga kwenye kitambaa cheupe. Mpira wa kwanza ulikuwa mzima. Haukuvimba. Wa pili pia. Wa mwisho, ule wa nyuma, ulikuwa na mkato mwembamba kwenye ukingo, ulionyooka kama wa wembe.

Mkubwa wa garaji aliuinua kwenye mwanga. Aliuangalia muda mrefu.

"Huu mukato si wa mutu," alisema. "Ilitoka hivi kwenye kiwanda. Pompi tunabadilisha sisi. Garanti inalipa."

Émile aliketi juu ya tairi lililokuwa pale, bila kuuliza kama anaruhusiwa.

"Lakini," Niyitegeka aliendelea, "tangu lini pedali inazama?"

Séraphine angeweza kusema, jana. Alisema kweli. Alisema zilipita siku nyingi, na kwamba waliogopa kuja.

Mkubwa alitikisa kichwa, na sasa hakuwa na haraka tena. "Mulibeba watu na hiyo motokari?"

"Nilimbeba baba mukwe wangu."

"Mama, mulango huu hauna simba. Ungekuja siku ya kwanza. Pompi tungebadilisha, ungeenda nyumbani." Aliandika kwa muda. "Pua na mulango sitengenezi bure. Hiyo ni yenu. Na vidanji ya mwisho, risiti iko wapi?"

Ya mafuta ya mwisho ya injini hakuwa nayo. Aliitumia kuwashia mbabula, jiko la makaa, bila kufikiri. Niyitegeka aliandika na hilo pia: kwamba siku injini ikiwa na tatizo la mafuta, ajansi itachunguza kwanza kabla ya kukubali. Séraphine hakubisha. Alisoma kila mstari kabla ya kuweka saini.

Mlango bado umekwanguka mpaka leo. Hawajapata njia ya kuupaka rangi. Maziwa ya siku ile waliwalipa wafugaji kidogo kidogo, na kwa muda mrefu hakukuwa na nyama mezani.

Séraphine hakuacha kulihudumia gari mwenyewe. Filta anabadilisha, vidanji anafanya. Lakini sasa kila mara anaandika tarehe na kilometa zilizo kwenye dashibodi, na anabandika risiti palepale. Sanduku la filta mpya halitupi mpaka ameandika namba yake. Anapiga picha kwa simu kabla ya kazi na baada ya kazi. Kile ambacho kitabu kimekataza kufungua, hakifungui. Na kitabu chenyewe hakikai tena chini ya nguo za ibada. Kinakaa ndani ya gari, na Émile amekisoma mpaka mwisho. Jioni nyingine kibandani anawasomea madereva wanaokuja kunywa maziwa, na Damascène ndiye anayeuliza maswali mengi kuliko wote.

Majuzi walikuwa wanashuka wote watatu kutoka Masisi: Séraphine kwenye usukani, mzee katikati, Émile dirishani. Mzee alikuwa anarudi mara ya pili kwa mganga wa macho. Walikuwa wamechelewa, na jua lilikuwa linapanda juu ya bido. Karibu na Mushaki, kabla ya mteremko, gurudumu la mbele likaanza kutoa sauti. Kriii, kriii, kila lilipozunguka.

Séraphine alifungua mdomo, lakini Émile alimtangulia.

"Simamisha," alisema. "Tuangalie."

"Maziwa itachelewa."

"Ichelewe."

Alisimamisha pembeni. Waliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, kisha Séraphine akalala chini na taa ya simu. Alikuta jiwe dogo limekwama kati ya sahani ya freni na kile kibati kinachoikinga. Alilisukuma kwa bisibisi mpaka likaanguka. Hakuna kitu kingine kilichokuwa kibaya. Alikanyaga pedali akaishikilia, akahesabu moyoni, na pedali ikabaki juu.

Alipopanda tena, kitenge kimejaa vumbi, mzee alikuwa amelala usingizi, kofia juu ya macho, kichwa kimeegemea bega la mtoto wake. Émile aliweka kidole mdomoni.

Séraphine aliweka vitesi ya pili, wakaanza kushuka.